Boriti 22 za Chumba Kimoja: Uchambuzi wa Maonyesho ya Sanaa Kuhusu Mji na Pwani Yake, Lamu

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wasanii vijana wa kisiwa cha Lamu walioandaa maonyesho juu ya namna mji unavyokalia mahali pa mikoko, matumbawe na matuta ya mchanga. Walianza kwa kuitwika bandari mpya lawama zote, wakamaliza kwa kuwafanya wenyeji wainue macho kuzitazama dari za nyumba zao wenyewe. Majina ya watu, mtaa na mwaka yameondolewa, na mambo mawili matatu madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa matukio na sababu za maamuzi haukuguswa. Niliitwa kama mshauri wa nje baada ya kazi kuanza, kwa hiyo ninayoyaeleza ama niliyaona, ama niliyasikia kwa wahusika wenyewe.

## Usuli

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na anayeusifu huanzia kwenye milango ya nakshi, zidaka (vishubaka vya ukutani) na vichochoro. Ni nadra kusikia ikisemwa kwamba mji huo wote umetolewa majini na ufuoni. Kuta zake ni mawe ya matumbawe. Chokaa iliyoyashikanisha mawe hayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la kuni. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe na kumwagwa udongo wa chokaa. Hata umbo la chumba liliamuliwa na mti: boriti inayopita kiasi cha mita 3 hulemewa na uzito wa dari ya mawe, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kiwandani, yaani uani, hadi ndani. Ufuo wenyewe nao umetengenezwa na watu. Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilisimama karibu na maji. Leo baina yake na bahari pana safu ya majengo, kwa sababu ufuo ulijazwa na mji ukasogea mbele.

Mikoko iliyozaa dari hizo haijatoweka. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, takribani hekta 37,000 kati ya hekta 61,000 hivi za nchi nzima. Kwa vizazi vingi majahazi yalipakia boriti za Lamu na kuzipeleka Uarabuni na miji ya Ghuba, mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa nchini mwaka 2018 iliwafikia pia wakataji wa mikoko, na wengi wao hawakuwa na kazi nyingine ya kushika.

Kisha ikaja bandari. Mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za uchukuzi, unaokusudiwa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza, upande wa bara katika ghuba ya Manda, likafunguliwa Mei 2021. Uchimbaji wa mkondo na ujazaji wa ufuo uligusa mikoko, matumbawe na maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwa vijana wa Lamu, neno «maendeleo» tangu hapo limekuwa na sura ya winchi za bandarini.

Jambo la tatu katika usuli huu hupigiwa kelele kidogo, nami naliona kubwa kuliko yote. Nyuma ya Shela, kijiji cha kisiwa hiki hiki cha Lamu, yapo matuta ya mchanga yanayopokea mvua na kuihifadhi chini kama maji matamu, yakielea juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito zaidi. Mji wa Lamu hunywa kutoka visima vya huko. Kila nyumba inayopandishwa juu ya matuta, na kila kisima binafsi kinachochimbwa kwa ajili ya nyumba hiyo, hupunguza nafasi ya mvua kuzama au huongeza kasi ya maji kutolewa.

Watu wa Lamu wanajua mwisho wa hadithi ya namna hii, kwa sababu wanauona kila wavukapo mkondo. Kisiwani Manda yako magofu ya Takwa, mji uliostawi katika karne za 16 na 17 kisha ukahamwa. Kaburi lake lenye mnara lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683 Miladia. Sababu inayotajwa mara nyingi ya kuhamwa kwake ni visima kugeuka chumvi. Watu wa Shela hujihesabu kuwa wana asili huko, na hadi leo huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi hilo. Mibuyu imeota ndani ya kuta. Washairi wa visiwa hivi nao waliimba zamani juu ya majumba ya Pate, kisiwa jirani, yaliyobaki ndege wakilala zidakani. Kwa hiyo, tofauti na miji mingi, hapa msanii hakuti hadithi moja ya mji kumeza msitu. Anakuta na ya pili, ya msitu kurudi, na hadhira yake inazijua zote mbili.

## Kikundi na lengo lao

Kikundi kilikuwa na wachoraji, mchonga nakshi mmoja, mpiga picha na msichana aliyekuwa akisomea ujenzi. Waliongozwa na mwalimu wa sanaa aliyestaafu, ambaye wote walimwita Maalim. Familia moja iliwaazima nyumba ya mawe isiyokaliwa, yenye ghorofa moja, ambayo dari ya chumba chake kimoja cha juu ilikuwa imeanguka. Lengo lao waliliandika kwa sentensi moja: kuwaonyesha watu wa mji kilichokuwapo kabla ya kuta.

Katika vikao vya mwanzo Maalim aliwaonyesha picha za kazi za wasanii wa mbali walioshughulikia jambo hilo hilo. Mmojawapo ni Alan Sonfist, aliyebuni mwaka 1965 na kuanza kupanda mwaka 1978, katika kiwanja kidogo cha Manhattan, miti ya aina zilizokuwa zikiota hapo kabla ya Wazungu kuhamia. Mwingine ni Agnes Denes, ambaye mwaka 1982 alipanda ngano kwenye ekari 2 za ardhi iliyojazwa, chini ya majengo marefu ya biashara ya Manhattan hiyo hiyo, akaivuna mwezi Agosti. Vijana walizipenda sana kazi hizo, hasa ile ya ngano.

Zilifaa kuwafungua macho, lakini zilikuwa na mtego. Mtu wa New York hakumbuki msitu wa Manhattan, wala babu yake haukumbuki, ndiyo maana kumwoteshea miti michache mtaani ni kumkumbusha kitu kilichokwisha. Lamu haiko hivyo. Ukipanda juu ya paa la nyumba yoyote ndefu unaiona mikoko ya Manda kwa macho, na mtu aliyeikata yuko barazani akinywa kahawa. Kazi ya kukumbusha haina pa kushika. Kilichohitajika ni kazi ya kupima: kiasi gani cha pwani kimo ndani ya chumba kimoja, na kiasi gani cha maji kimo chini ya tuta moja. Hilo halikuonekana mara moja.

## Yaliyotokea

Walichotengeneza kwanza ni picha za jozi, «kabla» na «baada». Kushoto mikoko ya kijani, yangeyange na maji yaliyotulia. Kulia winchi, malori, saruji na visiki. Katika baadhi ya picha za kulia alikuwamo mtu mwenye shoka, amechorwa bila uso, kwa kuwa walikwisha kukubaliana kutochora nyuso katika nyumba iliyo karibu na msikiti. Ufundi ulikuwa mzuri. Rangi ya maji ya ghuba wakati wa kupwa waliipata barabara, jambo ambalo wachoraji wengi wageni hulikosa kwa kuyafanya maji yote kuwa buluu.

Kabla ya kufungua milango waliwaalika watu wachache watazame faragha: fundi wa chokaa, bibi mwenye nyumba, afisa wa uhifadhi na wakataji wawili wa boriti, mmoja mzee na mwingine mpwa wake. Wazo la mwaliko huo lilitoka kwa yule msichana wa ujenzi. Yule mzee alipita mbele ya picha zote bila kusema neno, akasimama mbele ya moja yenye shoka, kisha akainua kichwa na kuanza kuitazama dari.

«Wanangu,» alisema, «mikono yenu ina baraka, kazi ni nzuri. Lakini mwenye shoka mmemchora kama mwizi. Boriti hizi zilizo juu ya vichwa vyenu mnadhani ziliota humu humu?»

Mchoraji akamjibu kwa adabu, «Mzee wangu, hatukukukusudia wewe. Tulikusudia bandari.»

«Basi chora bandari. Shoka ni langu.»

Yalikuwa maneno machache, na baada yake hakuna aliyejua la kusema mpaka mpwa alipoanza kuzihesabu boriti kwa kidole na kuzitaja moja moja. Hii ni mkoko wenyewe, ile ni muia, aina nyingine ya mikoko, ile iliyopinda ilitiwa baadaye na fundi mwingine, tazameni rangi nyekundu haikufika mwisho. Akaeleza kwamba mti wa ukubwa wa boriti haukatwi popote wala siku yoyote, kwamba dau huingia katika kijito kirefu wakati wa maji ya bamvua, yaani maji makubwa, na likichelewa kutoka hukaa tope mpaka maji yarudi, kwamba fito, pau, mazio, boriti na nguzo kila moja ni mti wa umri wake, na kwamba mtu akikata mapau mengi mno mahali pamoja leo anajinyima boriti za baadaye. Fundi wa chokaa alidakia akieleza kiasi cha kuni kinachoingia katika tanuu moja. Kwa muda mrefu hakuna aliyezitazama picha. Maalim aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo maonyesho yalipoanza, ingawa waandaaji wenyewe walikuwa wamenyong'onyea kama watu waliofeli mtihani.

Kulikuwa na mpango mwingine uliokwama siku ile ile. Kikundi kilitaka kujenga ukuta mfupi wa matofali ya saruji juu ya matuta ya Shela, utakaofukiwa taratibu na upepo, na mpiga picha aufuatilie. Afisa wa uhifadhi aliukataa papo hapo: matuta ni eneo linalolindwa kwa ajili ya maji, na saruji ya msanii ni saruji.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu picha za jozi, na ndio uliochukua mabishano mengi kuliko yote. Wachoraji wawili walitaka zibaki zote kwa hoja kwamba msanii akianza kumwondolea kila mtu picha inayomuudhi atabaki na turubai tupu. Hoja hiyo ina nguvu, nami sikubaliani na wanaoidharau. Lakini Maalim aliuliza swali lililowabana: je, picha ile inamuudhi mzee kwa sababu inasema kweli asiyoipenda, au kwa sababu inasema jambo lisilo kweli? Mkataji wa boriti wa Lamu alikuwa akikata mti mmoja na kuacha wa jirani, kwa vizazi, na msitu bado upo. Kumweka katika fremu moja na mtambo unaochimba mkondo wa meli ni kosa la kweli kabla ya kuwa kosa la heshima. Wakakubaliana kuziondoa picha zote zenye shoka na kubakiza chache za bandari peke yake.

Uamuzi wa pili ulijaza nafasi iliyoachwa. Msichana wa ujenzi alipendekeza kwamba chumba kile kisicho na dari kitumiwe kama kilivyo. Alikipima: urefu mita 6, upana mita 2 na nusu na kidogo. Kwa nafasi anayoiacha fundi baina ya boriti na boriti, chumba hicho kilihitaji boriti 22. Kikundi kikazinunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali, zikaletwa ufukweni kwa dau na kupandishwa vichochoroni kwa mabega, kisha zikasimamishwa wima ndani ya chumba, kila moja ikiwa imetiwa ndani ya pipa la mchanga. Mgeni aliyetaka kuvuka kutoka mlango hadi dirisha alilazimika kupenya katikati yake, akizigusa kwa mabega. Ukutani, juu kabisa, palikuwa na matundu ya zamani mahali ambapo boriti za kwanza zilikuwa zimekaa. Mtu akisimama katikati aliona miti 22 na matundu yake, na hesabu aliifanya mwenyewe.

Gharama ilikuwa kikwazo cha kweli, kwa kuwa boriti nzuri si rahisi. Bibi mwenye nyumba ndiye aliyetatua. Alisema, «Hizo si za kuchoma baada ya tamasha lenu, wanangu. Nitalipa nusu, na mkimaliza zipande juu zilale mahali pake.» Hivyo kazi ya sanaa ikawa na mwisho wake tangu mwanzo: ingekoma kuwa msitu na kuwa dari. Ninaamini hakuna msanii katika kikundi ambaye angeyabuni hayo peke yake, na yalitokana na hesabu ya mwenye nyumba anayejua bei ya ukarabati.

Uamuzi wa tatu ulihusu maji, baada ya ukuta wa Shela kukataliwa. Katika kiwanda cha nyumba palikuwa na kisima kilichoachwa kutumiwa. Wataalamu wa maji ya pwani wana kanuni inayosema kwamba, mahali ambapo maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takribani mita 40 za maji matamu zilizo chini yake. Ukiipunguza ile mita moja ya juu kwa kuchota kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini kwa kipimo hicho hicho cha 40 kwa 1. Kanuni hii ni ya makadirio, na hali ya mahali hubadilisha mengi, lakini uwiano wenyewe unatisha vya kutosha. Kikundi kilipaka chokaa nyeupe mita 1 ya ukuta wa kisima, kisha kikafunga kamba ya mkonge yenye urefu wa mita 40 kwenye mdomo wake na kuipitisha kiwandani, ngazini, vyumbani, kupitia chumba cha boriti, hadi juu ya paa. Mgeni aliifuata kwa mkono. Huko juu kamba iliishia ukingoni, mahali ambapo mtu huiona mikoko ya Manda upande mmoja na weupe wa matuta upande wa pili.

Ulikuwapo pia uamuzi wa udhamini. Mjenzi mmoja alijitolea kulipia sehemu kubwa ya gharama kwa sharti la jina lake kuwekwa mlangoni. Walimkatalia, kwa sababu ilijulikana kwamba mchanga wa kazi zake hauna maelezo ya kuridhisha. Uamuzi huo haukuwa mgumu.

Maandishi ya maelezo yalikuwa ya Kiswahili peke yake na mafupi mno, na kila jina la mti na la kipimo liliandikwa kama walivyolitaja wakataji. Mpwa wa yule mzee aliajiriwa kuwa kiongozi wa wageni katika chumba cha boriti. Saa za alasiri hadi magharibi ziliwekwa kwa ajili ya wanawake na watoto.

## Matokeo

Chumba cha boriti kilijaa tangu siku ya kwanza. Wazee waliingia wakazigonga boriti kwa vifundo vya vidole kusikiliza ugumu wake, wakabishana kuhusu aina na ubora, na mabishano hayo yakawa ndiyo maelezo kwa vijana waliosimama mlangoni. Mafundi walileta swali ambalo kikundi hakikulitarajia. Mmoja wao alisema kwamba leo nyumba mpya hazihitaji boriti hata moja: nondo na zege vimekifungua chumba, mtu anajenga sebule ya mita 5 kwa 5 akitaka. Je, hapo mikoko haijasalimika? Mwenzake akamjibu kwamba zege halitoki hewani. Lina mchanga, lina kokoto, na mchanga una pwani yake. Boriti humwambia mwenye nyumba basi, hapa nimefika. Nondo haimwambii neno. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la maana zaidi lililosemwa katika maonyesho yote, na lilisemwa na watu ambao hawakualikwa kusema.

Kamba ya kisima ilipokelewa kwa namna mbili. Wakati wa saa za wanawake ilizua mazungumzo marefu, kwa kuwa wao ndio wanaoonja maji ya kila siku na kujua ni mwezi gani chai inaanza kuwa na ladha nyingine. Wengi walitaja visima vya mitaa yao vilivyokuwa vya kunywa na sasa ni vya kufulia tu. Upande wa wanaume wageni wengi waliielewa kinyume: walidhani kisima kina kina cha mita 40, wakastaajabu, wakaondoka.

Siku ya tatu jirani alilalamika. Wageni waliofuata kamba hadi juu ya paa walikuwa wakiona ndani ya kiwanda chake, ambamo wanawake wa nyumba yake hupika na kukaa bila kujifunika. Malalamiko yalikuwa ya haki kabisa. Paa lilifungwa saa ile ile, na kamba ikaishia kwenye mlango wa ngazi.

Picha za bandari zilitazamwa kwa haraka na kupitwa. Baada ya maonyesho boriti zilipandishwa, mafundi wakalaza mawe na chokaa juu yake, na chumba kikapata dari. Mpwa wa mzee amekwisha kuitwa mara kadhaa na walimu wa shule kueleza aina za mikoko. Sijasikia kwamba mtu yeyote ameacha kujenga juu ya matuta kwa sababu ya kamba ya mkonge, na sitarajii kusikia.

## Uchambuzi

Kilichofanya chumba cha boriti kifanikiwe ni kwamba kilimpa mtazamaji kipimo anachokimiliki tayari. Kila mtu wa mji mkongwe amelala chini ya boriti na wengi wamezihesabu wakiwa na homa. Kazi haikumfundisha jambo jipya. Ilizisimamisha zile boriti wima tu, na kwa kufanya hivyo ikamwonyesha kwamba anachokiita nyumba ni kipande cha msitu kilicholazwa. Picha za jozi zilimpa mtazamaji kitu cha kulaani kilicho mbali naye, ng'ambo ya maji, na kulaani ni kazi nyepesi isiyohitaji maonyesho.

Pamoja na hayo, yapo madhara ya mafanikio haya ambayo kikundi hakijayakabili. Mtu anaweza kutoka katika chumba kile akisema kwamba kumbe mji siku zote umejengwa kwa mikoko, kwa hiyo bandari nayo ni mwendelezo tu wa desturi. Niliisikia kauli hiyo kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu mwenye cheo. Tofauti ya boriti 22 zilizochaguliwa mti kwa mti na ghuba iliyochimbwa kwa ajili ya meli kubwa ni tofauti ya kiasi, ya kasi na ya nani aliyeulizwa, na hakuna kazi katika nyumba ile iliyoionyesha. Picha za bandari zilizobakizwa zingeweza kufanya hivyo kama zingepewa kipimo. Zilibaki kuwa mandhari. Ukubwa wa gati ungeweza kupimwa kwa hatua kando ya ufuo wa mji, kutoka kona moja inayojulikana hadi nyingine, watu wakautembea wenyewe. Pendekezo hilo nililitoa likachelewa.

Kosa la kamba lilikuwa la mwelekeo. Uwiano wa 1 kwa 40 unahusu kina, nayo kamba ilipanda. Mtu anayefuata kitu kutoka kisimani kwenda juu hawezi kufikiri habari ya kilicho chini ya kisima, hata ukimwandikia ukurasa mzima. Ingetosha kuilaza kamba chini, kutoka kisimani hadi nje ya mlango na kuteremka kichochoroni kuelekea baharini, ili mtu aone chumvi inapotoka. Hilo lingeondoa pia tatizo la paa. Katika nyumba ya Lamu paa ni sehemu ya ndani ya jirani, na katika kikundi chote hakuna aliyelifikiria, kwa kuwa waliokuwa wakipanga njia ya wageni walikuwa wanaume peke yao na yule msichana hakuwapo siku hiyo.

Mwaliko wa faragha ndio ulioiokoa kazi, lakini ulikuja baada ya picha kukamilika na rangi kutumika. Kama mkataji na fundi wangeketi na wachoraji kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, gharama ya nusu ya turubai isingepotea, na pengine hasira ya wachoraji wawili, ambao hadi leo hawajarudi kikundini, isingekuwapo. Nawahurumia. Walikuwa wamechora vizuri.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa mahali. Waliopoteza ardhi na vijito kwa sababu ya bandari wako upande wa bara, na wengi ni wakulima na wavuvi wasiokaa nyumba za mawe. Maonyesho ya mji mkongwe, ndani ya nyumba ya mji mkongwe, kuhusu boriti za mji mkongwe, yaliwaacha nje. Nauli ya boti peke yake ilitosha kuwazuia waliotaka kuja. Kikundi kinakusudia kufanya maonyesho ya pili huko. Boriti hazitafaa, kwa kuwa nyumba za huko ni za udongo na makuti na hakuna atakayejiona ndani ya chumba kile. Msichana wa ujenzi amekwisha kuvuka na kuanza kuwauliza wakulima shamba lililochukuliwa walikuwa wakilipima kwa nini: kwa hatua, kwa idadi ya mikorosho, au kwa siku za kulima.